Mwalimu wa Changu Kitangiri

Zefania tumemzika juzi, na mimi nilikwenda. Nilijifunga kitenge cha msiba, nikakaa mkekani na akina mama wenzangu, nikala wali wa watu. Sikutaka mtu aseme mjane wa Yona hana adabu. Lakini aliposimama kijana wao mmoja mwenye tai kusoma wasifu wa marehemu, akafika pale aliposema, "Akiwa mwenyekiti wa kwanza wa kijiji chetu, marehemu ndiye aliyewafundisha wananchi uvuvi wa kisasa," niliisukuma kando sahani yangu ya wali. Watu walitikisa vichwa. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Kweli kabisa." Kweli gani? Zefania hakujua hata kufunga ndoana. Zefania alikuwa akiona kambare anacheza chini anaruka kando kama ameona nyoka. Niliinuka, nikapita nyuma ya jiko la msiba, nikaja zangu nyumbani. Shule niliishia darasa la pili, na kuandika hasa nilijifunza ukubwani kwenye madarasa ya watu wazima, kwa hiyo asiyependa mwandiko wangu auache. Sitaandika maisha yangu yote, nani alimzaa nani na ng'ombe wangapi walitolewa. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule waliotuhamisha. Na wenye makosa nitawataja kwa majina yao, maana wengine wamekufa wakiwa wamesifiwa na wengine wamekufa wakiwa wamesingiziwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ndoa yangu na Yona ilikuwa haijatimiza mwaka. Tulikaa juu, njia ya kwenda Kinampanda, kwenye nyumba ya tembe aliyojenga baba yake Yona, nyumba ambayo ukiingia kutoka juani unasimama kwanza mpaka macho yazoee. Siku ya kuhama vijana wa Zefania walipanda juu ya paa na majembe, wakaufukua udongo, wakazing'oa zile nguzo za katikati ili tusipate pa kurudia. Mtama shambani ulikuwa umeanza tu kuchanua. Zefania mwenyewe alisimama uani akiwa na karatasi, akiwahimiza, "Haraka jamani, haraka, maendeleo hayamsubiri mtu." Tukapakiwa kwenye lori na kuku watatu na nusu gunia la mtama. Mama mkwe wangu alikataa kukaa. Njia nzima mpaka bondeni alisimama, amekumbatia kinu chake, na kila lori liliporuka naye aliruka na kinu.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya ziwa Kitangiri, nyumba zimepangwa kwa kamba, mstari huu na mstari ule, kama makaburi. Yona alitujengea kibanda cha miti na nyasi chenye vyumba viwili. Kimoja chetu, kingine cha mama. Ukuta kati yetu ulikuwa mabua tu, na mama alikuwa akikohoa tukianza kucheka. Ardhi ya pale ilikuwa nyeupe ya magadi. Tulipanda uwele ukaota kama nywele za mtu mgonjwa. Kufika miezi ya njaa tulikuwa tunakula mahindi ya njano ya serikali, na mahindi yale yalitolewa kwa orodha, na orodha ilikaa kwa Zefania. Nalisema mapema ili lieleweke: mwaka ule mtu hakuogopa fimbo. Aliogopa kufutwa jina.

Hapo ndipo akaletwa Bwana Samaki. Jina lake Athumani, Mzee Athumani, mtu wa Kilwa. Aliteremka kwenye lori akiwa amevaa koti la kazi juu na kikoi chini, mfupi, mvi kidevuni, na kasanduku ka mbao begani. Kabla ya kusalimia mtu alikwenda moja kwa moja majini, akachovya kidole, akakilamba. Akakunja uso. Ndipo akarudi na kuanza shikamoo kwa wazee, mmoja mmoja. Alipomfikia Mzee Gunda, ambaye ukoo wake ulikuwa unavua pale kwa migono, ile mitego ya kusuka kwa fito, tangu kabla ya sisi kuletwa, alimwuliza kwa heshima zote, "Samahani mzee wangu, maji yenu hapa hujaa saa ngapi, na hupwa saa ngapi?"

Gunda alimtazama, akatazama ziwa, akamtazama tena. "Hujaa masika," akasema. "Hupwa kiangazi."

Watu tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Samaki akacheka nasi, akajipiga paja. "Basi nimewahi," akasema. "Nipeni mahali pa kulala nisubiri masika."

Zefania hakucheka. Alipanda juu ya kigogo akatangaza: "Ndugu wananchi, huyu ni mtaalamu. Neno lake ni neno la serikali." Halafu akatupangia sisi tumlaze, kwa sababu Yona alikuwa hodari wa kujenga na angeweza kuongeza chumba kwa siku mbili. Mama mkwe akahamia kwangu na Yona mpaka chumba kilipokwisha, na siku hizo mbili hatukucheka kabisa.

Darasa lake lilikuwa chini ya banda la ghala la kijiji, ambalo lilikuwa wazi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuweka ghalani. Wanaume walikaa kwenye magogo, sisi wanawake tulisimama pembeni na kazi zetu mikononi. Mimi nilikuwa nikichambua mlenda. Sikupanga kusikiliza, lakini yule mzee alipoanza kusema vidole vyangu vilisimama. Alikuwa akizungumza kama mtu anayemsimulia mke wake habari za mtoto aliyeko mbali.

"Changu," alianza, "si samaki wa mtu mwenye haraka. Yeye anakaa ukingoni, pale jabali linapoishia na mchanga unapoanzia. Usitupe mshipi juu ya jabali, utavua jabali. Usitupe mchangani katikati, utapata chaa. Chaa ni mtamu, lakini miiba yake! Tupa ukingoni. Chubwi yako iwe nyepesi, ile risasi ya kuzamishia, ili chambo kishuke taratibu, kama kitu kilichokufa chenyewe. Ngisi ndiye chambo bora maana hachomoki ovyo kwenye ndoana. Na kiwe kibichi. Kikiwa cha jana, kula wewe, usimpe changu."

"Ngisi ndiyo nini?" mtu akauliza.

"Mnyama wa baharini. Hana mfupa, ana mikono kumi, na akikasirika anamwaga wino."

Mama mkwe alikuwa anapita na kuni kichwani. Akasema kwa Kinyiramba, na sauti hakuipunguza, kwamba serikali imetuletea mwendawazimu. Watu wakaangua kicheko. Bwana Samaki akauliza amesema nini, na Yona, Mungu amlaze pema, akajibu, "Anasema karibu sana, mzee."

Alitufundisha kuuma kwa samaki kama vile mwingine anavyofundisha dini. Samaki wadogo, alisema, hudonoa, to-to-to, kama kuku, waache wadonoe. Changu hugonga mara mbili halafu anaondoka na chakula chake bila haraka, kama mwenye nyumba. Hapo ndipo unavuta, si kabla. Kosa la anayeanza ni moja tu, kuvuta anapodonolewa. Lakini tewa ni kinyume chake. Ukimchelewesha tewa anaingia pangoni, anatanua mapezi, na mshipi utaukata mwenyewe huku machozi yanakutoka. Usisimame ovyo, kivuli chako kinatangulia. Ukimtoa changu mshike kwa kutelezesha mkono kutoka kichwani, miiba ya mgongo ilale. Nenda alfajiri au jioni, maji yanapogeuka. "Na kuna siku," alisema, akafumba macho, "maji ya ghuba yanachafuka kidogo, yanabadilika rangi, na wewe jabali limekukinga mgongoni. Siku hiyo changu anasahau akili zake. Kwetu tukiona maji yamechafuka tunapigana vikumbo kutoka kwenda kuvua."

Yona ndiye aliyeuliza. "Sasa mzee, hapa jabali liko wapi?"

Yule mzee akafumbua macho, akatazama Kitangiri. Ziwa limelala kama ngozi iliyoanikwa, halina kina, halina kisiwa cha maana, na ng'ambo ni mbuga ya Wembere, tambarare mpaka macho yachoke. "Hapa hakuna jabali," akasema. "Hapa hata cha kukukinga mgongo huna. Kwa upepo wa hapa mimi ni mwanafunzi, mwalimu ni Mzee Gunda." Na alikuwa mkweli, maana kweli alikwenda kwa Gunda siku zilizofuata, akakaa naye, akarudi darasani akatuambia: mkiona vumbi limesimama upande wa mbuga, jekundu, kama ukuta, hakuna kutoka. Walio majini warudi. Alirudia mara tatu. Zefania alikuwapo, amekaa mbele kabisa kwenye kiti chake cha kukunja. Alisikia. Kama mimi niliyekuwa pembeni na mlenda wangu nilisikia, yeye alisikia.

Miezi ile ya mwanzo, nikiikumbuka sasa, inaniuma zaidi kuliko ile ya mwisho, kwa sababu tulikuwa karibu kuwa na furaha. Asubuhi nilikuwa nikienda kuosha vyombo ziwani, na siku moja mzee akanifuata na mshipi na ndoana ndogo, akanipa nyungunyungu badala ya ngisi. "Jaribu, mwanangu. Nimeona unavyosikiliza." Nikadonolewa, to-to-to, sikuvuta. Ikaja ile ya kugonga mara mbili. Nikavuta. Alikuwa perege wa kiasi cha kiganja, akipiga mkia kwenye sufuria ya watu. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wanaume ishirini darasani," akasema, "na mwanafunzi ni huyu wa pembeni." Baadaye Yona alikuwa akinitania mbele za watu, ati ameoa mvuvi na yeye ndiye atakayefunga kanga. Lakini Jumapili alinichongea fimbo yangu mwenyewe ya kuvulia.

Mama mkwe hakutaka samaki apikwe kwenye vyungu vyake. Alisema kitu kisichokuwa na miguu na kisichokuwa na sauti hajui kinatoka kwa nani. Tukapika nje, kwenye debe. Mzee alihangaika kwa kukosa nazi. Alikuwa akisema neno nazi kama mtu anayemtaja marehemu. Nikamtwangia karanga, nikazichuja, nikamimina tui lake kwenye perege. Alionja, akaonja tena. "Si nazi," akasema, "lakini ni ndugu yake wa bara." Tulikula kwa ugali wa mahindi ya njano, sisi watatu, mama akiwa mlangoni ametupa mgongo. Siku ya tatu au ya nne aliuliza, bila kugeuka, "Na huo mchuzi, una samaki ndani yake au umepita tu karibu na samaki?" Yona akamjibu, "Umepita tu, mama." Akanyoosha bakuli lake nyuma ya mgongo. Mambo kama hayo ndiyo nilikuwa nayo. Nayaandika ili isionekane kwamba nilizaliwa na uchungu.

Mtumbwi wa kijiji mzee aliuunda kwa mikono yake, na watu wanne wakachaguliwa kuuendesha, Yona akiwa mmoja wao. Walikuwa wakileta samaki wa kutosha siku nyingine, siku nyingine watatu. Hakuna aliyelalamika ila Zefania. Mzee Gunda angeweza kutuletea wengi kwa migono yake, lakini migono Zefania alikuwa ameipiga marufuku, akaichoma yote mbele ya mkutano, akisema ni uvuvi wa kizamani unaotia aibu kijiji. Huyo ndiye aliyesomwa juzi kwamba alitufundisha kuvua.

Basi zikaja habari za mgeni. Mgeni mkubwa angepita kuona kijiji chetu. Nilikuwa nyuma ya ofisi ya kijiji nachuma majani ya mlenda, ukuta wa ofisi ni nyasi kama kuta zote, na ndani walikuwa Zefania na Petro, katibu wa kata, mtu mwenye sauti ya juu na kalamu tatu mfukoni. Petro alisema, "Mimi nimeandika kwenye taarifa kwamba hapa samaki wanatoka kila siku. Nimeandika na kusaini."

"Wanatoka," Zefania akasema.

"Wanatoka wangapi? Mgeni akikaa mezani akaona perege wawili kama vidole, mimi na wewe tunarudi kulima. Umeelewa, ndugu yangu?"

"Nimeelewa."

"Kesho kutwa nataka beseni lijae. Wasiotaka kwenda majini, wewe si unayo orodha?"

Zefania akacheka kidogo. Kile kicheko ndicho nilichokisikia juzi msibani wakati wakimwimbia mapambio. Nilikwenda nikamwambia Yona. Yona akasema, "Sasa tufanye nini? Tutavua." Alikuwa mtu wa kusema hivyo. Kwenye hili nimewahi kumkasirikia hata yeye, kaburini kwake.

Siku ile ya kesho kutwa Mzee Athumani alikuwa na siku ya tatu ya homa. Malaria ya kule bondeni ilikuwa ya kuangusha ng'ombe. Alilala chumbani kwake, kikoi kimelowa, macho yako wazi lakini hayatuoni. Tangu alfajiri alikuwa akizungumza na watu wa kwao, anawaita kwa majina, anamwuliza mtu anayeitwa Saidi kama ameleta chambo. Nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha maji na kumpa uji kwa kijiko, nusu unaingia, nusu unamwagika. Nje upepo ulikuwa umeanza. Mama mkwe akachungulia akaniambia, "Vumbi limesimama." Nikatoka kuangalia. Ng'ambo, upande wa mbuga, lilikuwa limesimama jekundu, kama alivyosema Gunda, kama ukuta ambao mtu anaendelea kuujenga. Majini rangi ilikuwa ya kahawa ya maziwa.

Nikaona watu wanakuja kwetu. Zefania mbele, kofia mkononi, na nyuma yake Yona na wenzake watatu wenye makasia. Walikuwa wamemgomea kule ufukweni. Hilo nililijua baadaye. Walimwambia mtaalamu amekataza kutoka vumbi likisimama, na neno lake ni neno la serikali, wewe mwenyewe ulisema. Zefania akajibu, "Vema. Twende tukamwulize mtaalamu."

Aliingia akasimama mlangoni, hakumsogelea mgonjwa. "Mzee Athumani," akaita. "Maji yamechafuka. Hawa vijana watoke, wasitoke?"

Mzee akageuza kichwa. Uso wake ukachangamka, ukawa wa kijana. "Yamechafuka?" akasema. "Yamebadilika rangi? Basi mnangoja nini! Saidi, shika mshipi. Huu ndio wakati wa changu. Tokeni, tokeni, msibaki bandarini!" Alikuwa amenyoosha mkono, anawahimiza, ana furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake siku zote alizokaa kwetu.

Zefania akawageukia akina Yona. "Mmesikia kwa masikio yenu."

Nikasema. Nataka ijulikane kwamba nilisema. "Mwenyekiti, mzee anaweweseka. Hapa hakuna Saidi. Hapa hakuna changu. Yuko Kilwa huyo, hayuko hapa."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ndiye ninayemuuguza. Tangu asubuhi hajui hata..."

"Nimeuliza, wewe ni daktari?" Halafu akamwambia Yona, taratibu kabisa, kama mtu anayekumbusha jambo dogo, "Mahindi yanagawiwa kesho. Majina manne haya niyaache au niyatoe?"

Nilimtazama Yona. Alimtazama mama yake, aliyekuwa amekaa chini karibu na jiko na bakuli tupu, kisha akanitazama mimi. Alijua. Wote wanne walijua. Hakuna mtu mzima asiyejua mgonjwa wa homa akisema maneno ya ndotoni. Lakini walikuwa wamepewa neno la kwenda nalo, na mtu mwenye njaa akipewa neno analishika. Yona akasema, "Bandika maji ya ugali. Tutafika pale kwenye matete tu, tutarudi." Aliokota kasia. Sikumshika mkono. Kwetu mwanamke hamshiki mumewe mkono mbele ya mwenyekiti na wanaume wenzake, ningemdhalilisha. Kwa ajili ya adabu hiyo nilibaki nimesimama na kijiko cha uji.

Upepo ulifika kabla maji ya ugali hayajachemka. Nyasi za paa ziliinuka zote pamoja, na vumbi likaingia ndani tusionane. Ulidumu muda mfupi, kama mtu anayepita na fujo yake. Ulipopita nilikimbia ufukweni, na Mzee Gunda alikuwa tayari yuko pale, amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, anaangalia. Mtumbwi ulikuwa umepinduka mbali, tumbo juu. Mtu hapakuwa. Wanne wote walikuwa watu wa juu, watu wa mtama na ng'ombe. Mwalimu aliwafundisha kuvua kabla ya kuwafundisha kuogelea, na hilo nalo naliandika, kwa kuwa nilisema nitawataja wote. Tuliwapata siku kwa siku. Yona alikuwa wa mwisho, siku ya nne, na aliyempata ni Gunda, katika yale matete aliyosema watafika. Mama mkwe alimwosha mwanawe mwenyewe, akakataa tusimsaidie. Alimsafisha tope masikioni kwa ncha ya kanga, kama anavyosafishwa mtoto.

Mgeni hakuja. Aliyekuja ni afisa mmoja kutoka wilayani, kijana, na gari, na mashine ya kuchapa kwenye kasha. Alikaa kwenye ofisi ile ile ya nyasi pamoja na Zefania na Petro, wakaita watu. Mimi niliingia nimejifunga kaniki ya ujane. Afisa aliniuliza vizuri tu, sina la kumlaumu kwa maneno yake. "Mama, siku ile ulikuwa nyumbani na mtaalamu?" Ndiyo. "Mwenyekiti alikuja kumwuliza kama watu watoke?" Ndiyo. "Mtaalamu alisema watoke?"

"Alisema, lakini alikuwa..."

"Subiri. Ulimsikia au hukumsikia?"

"Nilimsikia, lakini..."

"Inatosha, mama." Akapiga mashine yake. Petro akanisogezea karatasi na wino. Niliona mistari, mirefu kidogo kuliko nilichosema, na wakati ule nilikuwa sijui kusoma zaidi ya jina langu. Nikamtazama Zefania. Alikuwa na orodha ya mahindi mezani, mbele yangu, chini ya kiganja chake. Hakuniambia kitu. Nyumbani nilikuwa na mama mkwe ambaye tangu mazishi alikuwa hali mpaka nimlishe, na tumboni, ingawa nilikuwa sijamwambia mtu, nilikuwa na mtoto wa Yona wa miezi mitatu. Nikaweka dole gumba.

Mzee Athumani alikuwa amepona kiasi cha kusimama. Alitolewa kwetu siku ile ile apelekwe wilayani, hakufungwa kamba, lakini watu wawili walitembea kando yake, mmoja kila upande. Homa ilikuwa imemla mpaka koti likamning'inia. Walikuwa wamemwambia yaliyotokea, na walikuwa wamemwambia alichosema. Katika siku zile za homa yeye hakukumbuka hata uji wangu. Watu walisimama kando ya njia. Wengine walimtukana, hasa wale ambao siku zote walikuwa wakila perege wake. Alipofika karibu nami alisimama, na wale wawili nao wakasimama.

"Mwanangu," akaniambia. "Hawa siwaamini. Nakuuliza wewe. Ni kweli nilisema watoke?"

Zefania alikuwa hatua tano kutoka pale. Petro alikuwa karibu na gari. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: kwamba alikuwa Kilwa, kwamba alikuwa akimwita Saidi, kwamba wote walijua anaweweseka na waliotaka watoke ni hawa wawili. Ilikuwa sentensi moja tu. Nimeisema peke yangu shambani mara nyingi, naisema haraka, inakwisha kabla jembe halijashuka.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Ulisema."

Akanitazama kidogo, kama anayesubiri kama kuna zaidi. Sikuongeza. Akatikisa kichwa, pole pole, akasema, "Basi ni mimi niliyewaua." Akakwenda akapanda gari mwenyewe, hakuna aliyemsukuma.